Acha hema nyumbani, kisiwa chenyewe ni kambi

Mara ya mwisho kuingia Fort Jesus ilikuwa lini? Kama wewe ni mtoto wa Mombasa, jibu nalijua. Ulikuwa darasa la tano au la sita, umevaa sare, chapati mbili ziko kwenye mkoba, na mwalimu anahesabu vichwa langoni. Tangu siku hiyo unapita pale nje ukienda zako Kibokoni, unaona wageni wakipiga picha na mizinga, nawe hata shingo hugeuzi.

Lakini ikifika Ijumaa jioni, wewe huyo huyo uko kwenye simu unatazama mahema ya Naivasha. Hema la rangi ya chungwa, moto, ziwa linameta kwa nyuma, msee ameshika kikombe kama hajawahi kudaiwa kodi. Poa sana, sikatai. Ila hebu tupige hesabu. Nauli ya gari moshi au basi ya usiku. Nauli nyingine kutoka kituoni. Kukodi hema. Kiingilio. Nyama. Kurudi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ada iliposhinda nyumbani, na siku hizi nakula kwa kuandika na kupiga picha kwenye harusi za watu. Kwa hivyo nikikwambia kitu ni bei rahisi, sikiliza, hiyo ndiyo taaluma yangu.

Maji unayo. Kisiwa chetu kimezungukwa nayo pande zote. Historia unayo, na ni nzito kuliko ya ziwa lolote unalolitamani. Kilichobaki ni wewe kutoka nyumbani Jumamosi saa nane mchana na kurudi Jumapili asubuhi. Hapo kati nakupangia mimi.

Na usidhani wewe ndiye wa kwanza. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco aliyeitwa Ibn Battuta alishuka Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Katika masimulizi yake akataja ndizi, akataja misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, akataja watu wanaotembea peku na kuosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia kuswali. Akataja pia kwamba kisiwa hakina nafaka yake, inaletwa kutoka bara. Mpaka leo unga wa ugali wako unapanda daraja kuja hapa, kwa hivyo jamaa aliona vizuri. Usiku mmoja, karibu miaka 700 iliyopita, na bado tunamtaja. Wewe umelala hapa miaka 22, umeandika nini?

Anza na ngome, kwa sababu ikifika jioni inafungwa na kelele zako langoni hazitasaidia kitu. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, beba kitambulisho na simu yenye chaji, malipo siku hizi ni ya mtandaoni. Ukiingia usikimbilie mizinga. Simama kwanza uangalie kuta zenyewe. Ni mawe ya matumbawe, yaani bahari hiyo hiyo iliyogeuzwa ukuta. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, mchoro ukiwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, kichwa kikiwa upande wa bahari. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Turathi za Dunia. Hayo mwalimu alikuambia.

Kuna mtu ambaye huenda hakukuambia. Anaitwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akachukuliwa, akapelekwa Goa huko India, akabatizwa, akapewa jina jipya, Dom Jerónimo Chingulia. Alilelewa Kireno, akavaa Kireno, akapigana upande wa Wareno. Mwaka 1626 wakamrudisha huku awe mfalme, wakiamini wamejitengenezea kijana wao. Fikiria hali yake. Unarudi mji wa baba yako huku lugha inakukwama, watu wa mjini wanakuona Mreno, Wareno wanakuona Mswahili, na kapteni wa ngome anakudharau mbele za watu. Agosti 1631 aliingia ndani ya ngome hii na watu wake, akamuua kapteni, akarudia dini ya baba yake na jina lake, na kwa muda mji ukawa wake. Wareno walipoleta meli mwaka uliofuata walishindwa kumtoa. Baadaye mwenyewe akaondoka, akawa mtu wa baharini mpaka mwisho wake.

Alikuwa hajafika miaka 30. Mauaji ya mwaka ule hayakuwa madogo, walikufa wengi wasiokuwa na silaha, na sikuambii umshangilie. Nakuambia tu kwamba ule mkwamo wa kuwa katikati, wa kusomeshwa mbali na kwenu halafu unarudi huna kwenu, haukuanzia kwa kizazi chetu.

Ndani ya jengo la makumbusho ulizia michoro ya ukutani. Miaka ya 1600 askari au mabaharia wa Kireno, pengine vijana waliochoka na zamu, walichora kwenye ukuta wa kona moja ya ngome. Meli, watu, samaki, hata kinyonga. Ni michoro ya mtu asiye na la kufanya akisubiri meli ya kurudi kwao. Leo ungeichora kwenye siti ya matatu ukaitwa mhuni. Kaa hapo muda fulani uitazame. Mimi naipenda kuliko mizinga yote ya pale.

Kisha kuna ule mzingiro. Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi 33. Waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili wengi, wake kwa waume, waliokimbilia humo. Njaa na tauni viliwamaliza Wareno kiasi kwamba wakati fulani ulinzi uliongozwa na Bwana Daud, mtu wa Faza, kutoka kule visiwa vya Lamu. Mwaka 1697 meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi wa akiolojia waliifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu walivyovitoa viko ndani ya makumbusho. Ukisimama juu ya ukuta ukatazama maji, mbao zake bado ziko chini hapo, kwenye matope.

Waingereza nao wakaifanya jela, kutoka 1895 hadi 1958. Babu zetu wengine waliifahamu ngome hii kwa upande wa kufuli. Haya, toka nje, jua limeanza kulegea.

Sasa tembea. Kutoka ngome fuata bahari kuelekea kusini mpaka Lighthouse. Ukipita karibu na Ikulu, simu iwe mfukoni. Sitaki unitaje kwa askari. Ukifika Ras Serani umefika kwenye kile ambacho watu wa hapa wamekiita Lighthouse tangu tuzaliwe, na ambacho kwenye karatasi kinaitwa Mama Ngina Waterfront. Palikarabatiwa kwa takriban shilingi milioni 460 na kufunguliwa Oktoba 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyikia hapo. Wauzaji walitakiwa kupisha ujenzi, pakachimbwa, pakawekwa vibanda, njia za kutembelea, viti na taa. Mibuyu ilibaki, alhamdulillahi. Mibuyu ile ilikuwapo kabla ya jina lolote la barabara.

Hapa ndipo jioni inapoiva. Nunua muhogo wa kukaanga, upasuliwe katikati, upakwe pilipili na ndimu mpaka macho yatoke machozi. Nunua dafu. Ukimwita muuzaji, mwite mama au dada, si "wewe wa mihogo". Kisha tafuta nafasi ukutani na utazame mlango wa Kilindini. Meli ya makontena ndefu kama mtaa mzima inapita karibu hadi unamwona baharia akianika shati. Hiyo onyesho hulipii. Nimewahi kuketi na binamu yangu kutoka Voi aliyekuwa anaiona meli kwa mara ya kwanza. Alinyamaza dakika tano nzima, na yule binamu hanyamazi hata akilala.

Neno kuhusu kuogelea, na hapa sichezi. Chini ya Lighthouse si bwawa. Maji yote ya Kilindini yanapita kwenye mlango ule mwembamba, yakijaa na yakipwa, na siku za bamvua mwezi ukiwa mpevu au mchanga yanakwenda kwa nguvu usiyoiona ukiwa juu. Msimu wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi nayo yanapiga miamba. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliruka maji yakianza kutoka, akajiona bingwa. Wavuvi walimwokota mbali, amemeza maji, na tangu siku hiyo hata kidimbwi cha mvua anazunguka. Huyo alibahatika. Ukitaka kuoga, waulize wavuvi maji yanaendaje leo. Kama wamesema ngoja, ngoja.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Chukua ramani ya kisiwa uzungushe kidole kwenye ukingo wa maji. Upande wa magharibi karibu wote ni bandari. Njoo kusini, kuna feri, halafu kuna Mama Ngina. Endelea, kuna uwanja wa gofu, kuna Ikulu, kuna hospitali, kuna klabu za wenye uanachama. Mji wa Kale kuna ngazi chache za kuteremka majini, nyingine zimebaki uchochoro wa upana wa mabega kati ya kuta mbili. Tudor kuna majumba yaliyoinua ukuta mpaka maji yanapogusa. Kaunti hii ina watu zaidi ya milioni 1.2 kwa hesabu ya mwaka 2019, wengi wao wako umri wako na wangu, na wanalala wawili watatu kwenye chumba kimoja Kisauni, Likoni, Majengo. Mtu huyo akitaka kukaa mbele ya bahari ya mji wake bila kununua soda ya bei ya kuku, ana sehemu ngapi? Hesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kitabaki.

Na hata hapo penyewe. Mwaka jana tulikuwa sita, tumekaa kwenye ukingo mmoja wa bahari hapa kisiwani, saa tatu na nusu usiku. Gita moja, kachri, hakuna chupa, hakuna moshi. Wakaja askari wawili, tochi machoni. Vitambulisho. Mnafanya nini hapa? Tumekaa. Kwa nini mmekaa? Sasa hilo swali unalijibuje? Tuliambiwa tuondoke, tukaondoka, na mmoja wetu ambaye hakuwa na kitambulisho akaachwa mkono mtupu, unaelewa maana yake. Najua mji huu umeona magenge ya vijana wenye mapanga, na najua mama anayerudi usiku anataka barabara salama. Mimi pia nina mama. Lakini mahali panapojaa familia, wauzaji na wapenzi wanaogombania muhogo wa mwisho pana usalama kuliko mahali palipofukuzwa watu. Giza tupu ndilo linalofugia wenye mapanga.

Ndiyo maana nasema nendeni. Mahali pasipotumiwa huwa pana mwenyewe ghafla. Utaona siku moja mabati, wiki ijayo bango la kampuni, mwezi ujao lango lenye mlinzi. Mwenye kuuliza ataulizwa, kwani nyinyi mlikuwa mnapatumia?

Saa mbili usiku chukua tuktuk urudi Mji wa Kale. Mwambie akushushe Ndia Kuu, na ndiyo, ni Ndia, si Njia. Kimvita kina haki zake. Hapa usiku una kanuni. Funika mabega, wote, wavulana na wasichana. Ukikuta wazee barazani, toa salamu kabla hujatoa kamera. Usimpige picha mtu mlangoni kwake, nawe hungependa. Ukifanya hivyo utashangaa jinsi mji unavyokufungukia. Mzee mmoja nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akanisogezea nafasi, na kabla kahawa haijapoa alikuwa keshaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kabila gani, na kwa nini sijaoa. Huo ndio uhalisia wa kambi, kuhojiwa na wenyeji.

Kahawa tungu na kashata ndicho chakula cha saa hii. Mishkaki kama mfuko unaruhusu. Pita Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kujengwa mwaka 1570, mnara wake mweupe una umbo lake peke yake. Teremka mpaka Government Square kwenye Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuwa yakija na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi, mpaka meli kubwa zilipohamia Kilindini. Karibu hapo kuna Leven House, nyumba ya karne ya 19 iliyokaliwa na wageni wa kila namna, akiwemo mmisionari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Nyuma yake kuna ngazi zinazoshuka hadi majini. Ukiwa unapita tazama milango ya nakshi, halafu inua macho utazame na nyufa. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 ipo, ofisi ya uhifadhi ipo, lakini nyumba ya urithi yenye warithi kumi na saba na paa linalovuja haingoji sheria. Nyingine zinaanguka zenyewe. Nyingine zinasaidiwa kuanguka, na mahali pake linapanda ghorofa la vioo visivyofunguka, kwenye mji ambao watu wa kale waliujenga ili upepo upite.

Kulala je? Hema usibebe, hakuna pa kulichomeka. Chini ni mawe na kila shimo lina mwenyewe. Kambi yako ni paa. Una rafiki Mji wa Kale, na kama huna basi umeishi vibaya, na nyumba nyingi pale zina paa la sakafu ambalo zamani watu walilala miezi ya joto. Piga hodi mapema, si saa nne usiku. Ongea na mama mwenye nyumba, si na rafiki yako tu. Pelekeni kilo mbili za sukari. Wasichana walale ndani na wenyeji, wavulana juu, ndivyo ilivyo na hatutabishana. Beba mkeka, shuka na chandarua, kwa sababu mbu wa pale wamesoma. Ukishalala chali utaona nyaya, antena, nguo za watu, halafu juu yake nyota chache zilizosalimika na taa za mji. Kutoka upande wa maji utasikia boti ya mvuvi ikikohoa.

Mtu wa porini kabisa, anayesema bila moto na mnyama si kambi, nimemsikia. Vuka feri, kwa miguu ni bure, panda matatu ya Kwale uende Shimba Hills. KWS wana sehemu za kupigia hema, kuna palahala wenye pembe za kupinda na kuna maporomoko ya Sheldrick. Ni safari nyingine na pesa nyingine. Plastiki za kutupa usiende nazo, zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020.

Alfajiri hutahitaji kengele. Adhana ya kwanza itaanzia msikiti mmoja, ya pili itaidaka, na ndani ya dakika mbili mtaa mzima umeamka. Shuka, mshukuru mama, tembea mpaka nje ya Fort Jesus upande wa bahari. Mawimbi yalikuwa yamekula mwamba chini ya ngome hadi ikabidi ujengwe ukuta wa kuyazuia. Jua linatokea upande wa Nyali. Mwenye mahamri huwa keshaanza kukaanga kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ya kwanza kutoka kwenye karai ndiyo matamu, na foleni yake ni ya wavuvi, kwa hivyo simama nyuma yao usijifanye mgeni.